Ratiba ya zamu na siku ya ibada: mwongozo kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wa imani tofauti

Mwaka wangu wa kwanza wa kuendesha bekari hapa Kisumu nilimpoteza fundi wa oveni mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Alikuwa kijana wa Nyamira, Msabato. Nilimweka zamu ya Ijumaa usiku kwa kuwa mkate wa Jumamosi ndio unaouzika zaidi. Aliniambia mara tatu, "Mama, jua likizama Ijumaa mimi siwezi kushika kazi mpaka lizame tena kesho yake." Mara tatu nilimjibu kwamba kila mtu ana udhuru wake. Ijumaa ya nne aliosha trei zake, akazipanga, akatundika aproni kwenye msumari, akaniaga kwa heshima na kuondoka. Hakurudi tena. Nilipokuja kukaa na ratiba na kalamu, niliona kwamba kumbadilishia zamu kungenichukua dakika kumi za kuandika, na hakungenigharimu hata shilingi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kupanga mambo haya kabla hayajageuka ugomvi. Ninayoyaandika hapa nimeyajaribu, na yanamfaa mwenye watu watano kama anavyofaidika nayo mwenye watu hamsini.

Kwanza utazame mahali tulipo. Wasabato wako Gendia, karibu na Kendu Bay, tangu 1906, na leo Kisii na Nyamira ni kwao hasa. Marafiki, yaani Wakristo wanaoitwa Quakers, walifika Kaimosi mwaka 1902. Mumias kuna Waislamu wa vizazi na vizazi tangu enzi za Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Kuna kanisa la Nomiya, kuna la Legio Maria, kuna makanisa ya Roho na kanzu zao nyeupe, kuna African Israel Nineveh kule Vihiga. Nenda Nakuru utakutana na Wakorino, Wakristo wa makanisa ya Kiafrika, na vilemba vyao kila mtaa. Hapa Kisumu, Wahindu na Masingasinga wamekuwa sehemu ya biashara tangu siku za reli. Mwajiri wa huku akisema "sisi sote hapa ni dini moja", ujue hajauliza.

Hatua ya 1: Jua sheria inakudai nini

Hapa sitakawia, lakini usiruke. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dini, na kinataja waziwazi kuadhimisha siku ya ibada. Kifungu hichohicho kinasema mtu asinyimwe ajira kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kufanya tendo linalokwenda kinyume na imani hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa dini katika kuajiri, kufundisha, kupandisha cheo, masharti ya kazi na kuachisha kazi. Mfanyakazi akidai amebaguliwa, ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha kwamba hukumbagua. Kifungu cha 46 kinasema dini si sababu halali ya kumfuta mtu, na mahakama inaweza kukuamuru ulipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Kifungu cha 27 ndicho ninachokipenda zaidi. Kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Hakisemi siku hiyo iwe Jumapili. Soma tena sentensi hiyo, maana nusu ya matatizo yako imeyatatua.

Mahakama nazo zimesogea. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba shule ziwatengee wanafunzi Wasabato nafasi ya kushika Sabato. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitambua Rastafari kuwa dini, katika kesi ya mwanafunzi aliyefukuzwa shule kwa sababu ya nywele. Hizo ni kesi za shule, lakini mwajiri mwenye busara husikiliza upepo unakovuma.

Hatua ya 2: Uliza saa, usiulize imani

Kwenye usaili usimuulize mtu anasali wapi, wala usimtake alete barua ya mchungaji. Najua wengi wetu tunaipenda barua hiyo kwa sababu tunaona inathibitisha tabia njema. Lakini Mwislamu hataileta, asiyesali popote hataileta, na wewe utakuwa umewachuja kwa dini bila kujua. Barua ya mwajiri wa zamani itakueleza zaidi.

Sema hivi, na umwambie kila mtu maneno yaleyale: "Zamu zetu ni hizi. Kuna siku au saa ambayo huwezi kuwa kazini kila wiki? Kuna kipindi cha mwaka ambacho utahitaji mpango tofauti? Kuna kitu huwezi kukishika au kukivaa?" Mwenye mtoto mdogo atajibu, anayesoma jioni atajibu, na Msabato atajibu. Wote wamejibu swali moja, na hakuna aliyetengwa.

Kisha andika hitaji tu. Kwenye faili andika "hapatikani Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumamosi saa moja usiku." Usiandike "Msabato". Imani ya mtu ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kwa kweli huihitaji. Ratiba haipangwi kwa madhehebu.

Hatua ya 3: Panga zamu ukiwa na karatasi mbele yako

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hivyo niruhusu nieleze jinsi ninavyofanya.

Bekari yangu ina zamu mbili. Ya mchana inaanza saa kumi na mbili asubuhi na kuisha saa nane, na ya usiku inaanza saa tatu hadi saa kumi na moja alfajiri. Tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hivyo jua la Kisumu halituhangaishi: mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Mwajiri wa Ulaya ana taabu kwa sababu jua lake la Desemba linazama alasiri na la Juni linazama usiku. Sisi tukishapanga Januari, mpango unafaa hadi Desemba.

Msabato wangu anafanya zamu ya mchana Ijumaa na kutoka saa nane. Ana muda wa kupika, kufua na kufika nyumbani kabla Sabato haijaingia, maana Ijumaa kwao ni siku ya maandalio, na ukimwachilia saa kumi na mbili kasoro dakika kumi hujampa kitu. Anarudi Jumamosi saa tatu usiku, Sabato imekwisha kitambo. Hizo ni saa 31 mfululizo za mapumziko, zinazotosha sheria na kuzidi. Na zamu ya Jumamosi usiku ndiyo ambayo Wakatoliki, Waanglikana na watu wa Legio Maria wanaikimbia, kwa kuwa wanataka kuamkia ibada wakiwa wamelala. Watu ambao nilidhani mahitaji yao yanagongana, kumbe kila mmoja anaziba pengo la mwenzake.

Swala ya Ijumaa nayo inahitaji hesabu. Hapa mjini husaliwa karibu saa saba, na mtu anahitaji kutawadha, kufika msikitini, kusikiliza hotuba na kuswali. Saa moja na nusu ni kipimo cha haki. Waislamu wa zamu ya mchana siku hiyo wanaanza saa kumi na moja alfajiri badala ya saa kumi na mbili, hawakatizi kwa chakula cha mchana, na wanaondoka saa sita na nusu. Siku ya kawaida wanafanya saa saba na nusu ukitoa nusu saa ya chakula. Ijumaa pia wanafanya saa saba na nusu. Saa kumi na moja ndipo zamu ya usiku inatoka, kwa hivyo nilikuwa nahitaji mtu wa kupokea mikate ya moto hata hivyo. Nauli ya boda ya alfajiri nailipa mimi, kwa sababu saa hiyo si ya kumwacha mtu atembee peke yake gizani. Swala ya alfajiri wanaiswali hapa kazini, kwenye stoo safi ya katoni, na haizidi dakika kumi.

Ratiba ikishakamilika, ibandike mahali kila mtu anaiona. Lazima mtu atanung'unika: "Hawa wanapendelewa." Usimkemee. Mpeleke kwenye karatasi mhesabu pamoja saa za kila mmoja kwa mwezi. Zikiwa sawa, manung'uniko yanaisha pale pale. Zisipokuwa sawa, basi mwenzako ana haki na ni wewe wa kurekebisha.

Hatua ya 4: Ramadhani na sikukuu

Ramadhani inarudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, kwa hivyo usinakili mpango wa mwaka jana. Kaa na wanaofunga wiki mbili kabla.

Mtu aliyefunga asisimamishwe mbele ya oveni mchana. Nimeona fundi akiegemea ukuta saa saba mchana, midomo imekauka, trei ya moto ikimtetemekea mikononi, na sikuhitaji somo lingine. Wanaofunga nawahamishia kufungasha mikate na kuandika oda, au wanaomba wenyewe zamu ya usiku. Usiku wanakula, wanakunywa, na joto halina hatari ileile. Anayeswali tarawehe, swala ya usiku wa Ramadhani, anaingia saa tatu na nusu, na mapumziko tunayaweka muda wa daku, kabla ya adhana ya alfajiri.

Nawasihi waajiri wenzangu neno moja. Ukimwona Mwislamu anakula mchana wa Ramadhani, usimuulize. Huenda ni mgonjwa, huenda ni mjamzito, na mwanamke aliye hedhini hafungi. Ukiuliza "mbona unakula?" mbele ya watu umemlazimisha aseme jambo la mwili wake hadharani.

Kuhusu sikukuu, Idd-ul-Fitr ni ya nchi nzima kama Krismasi na Ijumaa Kuu. Sheria ya Sikukuu za Umma inataja pia Idd-ul-Azha kwa Waislamu na Diwali kwa Wahindu, kwa hivyo usimkate mtu siku ya likizo yake ya mwaka kwa hizo. Na kwa vile Idd inategemea mwezi kuandama, na tangazo huja usiku, acha siku mbili wazi kwenye ratiba na uwe na watu wa akiba kwa zote mbili.

Hatua ya 5: Mavazi, mashine na chakula

Kanuni ya mavazi iitaje hatari yenyewe, isilenge kitambaa cha dini fulani. Mashine ya kukanda unga ina mkono wa chuma unaozunguka, na mkono huo ukinasa chochote kinachoning'inia unamvuta mtu. Kanuni yetu inasema: karibu na mashine, hakuna kinachoning'inia chini ya ukosi. Rozari inaingia humo, hijabu yenye ncha ndefu inaingia, mkufu, tai na kamba ya kitambulisho vinaingia vilevile.

Pini ndiyo iliyonifungua macho. Binti mmoja alikuwa anabana hijabu yake kwa pini mbili ndogo zenye vichwa vya lulu. Jioni moja alipoivua akakuta pini imebaki moja. Tulichambua unga wote wa zamu ile, kilo kwa kilo, tukakata kila donge, hadi tukaipata chini ya meza. Sikumwambia aache hijabu. Nilinunua kitambaa cheupe cha kunyumbuka, fundi wa soko la Kibuye akamshonea hijabu tatu za kuvalia kichwani zisizohitaji pini, zinazoingia ndani ya aproni. Kilemba cha Mkorino kiko hivyohivyo: cheupe, safi, kinabadilishwa kila siku, na juu yake kofia ya wavu kama ya kila mtu. Mwenye rasta anafunga wavu. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa anyoe au avue.

Kuhusu chakula, tukitengeneza vitafunio vya nyama ya nguruwe kwa oda ya mteja, Mwislamu hashiki na Msabato hashiki, na trei za nyama hiyo zina alama ya rangi na sinki la peke yake. Keki za Krismasi zenye brandi vilevile. Kumwambia mtu "vaa glavu ushike tu" ni kumlazimisha, na Katiba imekwisha kusema juu ya hilo.

Kuna pahali pagumu zaidi. Anayeshika chakula cha kuuza lazima apimwe na kupata cheti cha afya, kinachofanywa upya kila miezi sita. Wapo waumini wa makanisa fulani, huku kwetu na upande wa Nakuru, wasioingia hospitali kabisa. Hapo huna ruhusa ya kusamehe, maana cheti ni sharti la kazi yenyewe na kinalinda wanaokula. Unachoweza kufanya ni kumweleza mapema, kabla hajaacha kazi aliyonayo, na kumtafutia nafasi isiyogusa chakula: getini, kwenye hesabu, au kwenye kupakua magunia yaliyofungwa. Nimemwajiri mmoja hivyo na bado yuko.

Hatua ya 6: Dini yako wewe mwajiri

Hatua hii ningeiweka ya kwanza kama si kwamba wengi wangeacha kusoma. Dini yenye uzito kuliko zote mahali pa kazi ni ya anayelipa mshahara.

Mimi ni Mkristo na naomba kila siku. Kwa miaka miwili kila Jumatatu asubuhi nilikuwa nawakusanya watu wote katikati ya bekari, tunaimba pambio, nasoma mstari, tunaomba, halafu natangaza kazi za wiki. Niliona ni baraka. Sikuwahi kumwambia yeyote kwamba ni lazima. Siku moja nilifumbua macho katikati ya maombi nikamwona binti wa Mumias amesimama kando ya magunia ya unga, mikono imeshikana mbele, macho ameyainamisha sakafuni. Tulipomaliza alisema "Amina" kama wengine na kwenda kwenye meza yake. Nilimwita pembeni nikamuuliza kama yale maombi yanamsumbua.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, ningekaa nje ungeniona vipi?"

Miezi saba alikuwa amesimama pale. Sikuwa nimemlazimisha kwa neno hata moja, na bado alikuwa amelazimishwa.

Sikuacha maombi, na sikushauri uyaache kama ni sehemu ya maisha yako. Nilibadilisha mambo manne. Tunaomba robo saa kabla ya zamu kuanza, kwa hivyo asiyekuja hapotezi chochote na hakatwi chochote. Tunakaa chumba cha nyuma, si pale ambapo kila mtu lazima apite. Simtumi mtu kuwaita wengine, na sitazami nani hayupo. La nne lilinishinda kwa muda mrefu: sitangazi jambo lolote la kazi kwenye maombi. Habari za oda, mishahara na zamu natangaza baada ya kengele, wote wakiwepo. Ukitangaza nyongeza ya mshahara kwenye maombi, wiki ijayo kila mtu atakuwepo, na hutajua tena nani amekuja kuomba.

Wiki ya kwanza watu wanne hawakuja, na wawili kati yao walikuwa Wakristo.

Michango iko hapahapa. Usipitishe daftari la harambee ya kanisa lako kazini, kwa kuwa hakuna mfanyakazi anayejua jinsi ya kumwambia bosi "hapana". Na usikate sadaka wala zaka kwenye mshahara. Makato ya aina hiyo yanaruhusiwa tu mfanyakazi mwenyewe akiyaomba kwa maandishi, na wewe usiwe na faida yoyote ndani yake. Kama wewe ni mzee wa kanisa linalopokea fedha hizo, kaa mbali nayo.

Hatua ya 7: Wakigombana wenyewe

Mazungumzo ya dini saa ya chakula hayana shida, na watu wazima hubishana. Kanuni inayotutosha ni hii: mwenzako akisema "basi", ni basi. Anayeendelea kumwambia jirani yake wa meza kwamba anaelekea motoni anamsumbua, na nalishughulikia kama usumbufu mwingine wowote: mara ya kwanza kwa mazungumzo, ya pili kwa barua. Redio ya bekari haina mahubiri wala mawaidha, nyimbo tu, na anayeichagua hubadilika kila siku.

Hatua ya 8: Usipoweza kumkubalia mtu

Itatokea. Una mtu mmoja tu anayejua kurekebisha oveni, na imeharibika Jumamosi. Kabla ya kukataa, jiulize nani ataumia ukikubali na kwa kiasi gani, umejaribu njia gani nyingine, na je, wenzake wameulizwa kama kuna wa kubadilishana naye? Andika majibu na tarehe. "Itatusumbua" si jibu. "Tulijaribu mafundi wawili, hawakupatikana, na oda ya hospitali ilikuwa asubuhi" ni jibu.

Ikifika pahali unafikiria kumwachisha mtu kazi, simama. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa na umsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Nenda kwanza kwa afisa wa kazi wa kaunti umweleze. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina vituo Kisumu na Nakuru, na mfanyakazi aliyedhulumiwa hahitaji kusafiri hadi Nairobi kukushtaki.

Ratiba ya mwezi ujao naibandika kila tarehe 20, penseli ikining'inia kando yake kwa uzi, ili wanaotaka kubadilishana waandike wenyewe kabla sijaipiga muhuri. Mwezi huu zamu za Jumamosi usiku zilijaa siku ileile, na msumari ambao kijana wa Nyamira alitundika aproni yake ndio unaoshikilia karatasi.